Mchuzi mbichi wa majani ya bustani

Leo tuko Kibagabaga, wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Rwanda imehimiza kwa miaka mingi kila nyumba iwe na bustani ya jikoni, akarima k'igikoni kwa Kinyarwanda. Asiye na uwanja hupanda kwenye gunia au ndoo iliyotobolewa chini.

Kwa mchuzi huu, chuma asubuhi, kabla jua halijanyausha majani: giligilani, ambayo wengine huiita dania au kotimiri, konzi mbili, na vitunguu majani vichache. Usiing'oe giligilani, kata majani ya nje, shina litachipua tena. Osha kwa maji safi yanayotiririka, kung'uta, kisha katakata. Twanga kwenye kinu pamoja na punje moja ya kitunguu saumu na chumvi kidogo. Kamulia limau, tia vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, na pilipili ukipenda. Mama, usiuchemshe! Moto huharibu vitamini C na kufukuza ile harufu tunayoitafuta. Mwagia juu ya viazi au ndizi za kuchemsha, utaona watoto wanavyosogeza sahani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikiachwa nje ya friji, kinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, nayo haionekani wala hainuki. Inaua. Kwa hiyo tengenezeni mchuzi wa mlo mmoja tu. Nyumba isiyo na friji, utakaobaki mezani umwageni siku hiyohiyo.