Vumbi Linalotua Juu ya Barafu

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika)

 

Wakati wa kiangazi tunafagia kanisa asubuhi, na jioni tunakuta vumbi tena. Tunadhani limetoka barabarani tu. Lakini vumbi laini husafiri mbali sana. Wataalamu waliochimba barafu ya Greenland, upande wa Ncha ya Kaskazini, walikuta vumbi la kale ndani yake. Walipolinganisha madini yake, walitambua kuwa sehemu kubwa ilitoka katika majangwa ya Asia ya Mashariki.

Likitua huko linafanya nini? Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Ikichafuka hunywa joto, kama bati lililopakwa rangi nyeusi linavyopata moto kuliko bati jipya. Mwaka 1870 mtafiti Adolf Erik Nordenskiöld aliona huko Greenland vishimo vya maji juu ya barafu, na chini yake unga wa kijivu. Aliuita kriokoniti, yaani vumbi la barafu. Unga huo ulipata joto la jua ukajichimbia shimo. Leo inajulikana pia kuwa madini ya vumbi hulisha mwani mdogo wenye rangi, nao huzidi kuitia barafu weusi.

Chanzo kikuu cha kuyeyuka ni kuongezeka kwa joto la dunia. Vumbi huongeza kasi. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari itapanda takriban mita 7. Hilo si jambo la kesho, lakini bahari imeshaanza kupanda, na ndugu zetu wa pwani wanahusika.

Wapendwa, hapa tuna jambo la kusema kwa uwazi. Katika baadhi ya maombi yetu ya fedha tuliwahi kuandika kwamba miche tunayopanda itaokoa barafu. Hatukuwa na ushahidi. Tuliandika hivyo kwa sababu maneno hayo yanapendeza kusomwa.

Barafu yenyewe haiandiki hivyo. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walichimba barafu ya Kilimanjaro, wakakuta tabaka la vumbi lenye unene wa milimita 30 hivi, la miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Ni alama ya ukame mkali wa wakati ule. Mlima ulitunza kumbukumbu kama ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Tunachoweza kuahidi ni hiki: shamba lililofunikwa kwa miti, nyasi na matandazo halipeperushwi ovyo na upepo. Udongo wa juu unabaki, na huo ndio chakula cha watoto wetu. Ahadi hiyo inatosha.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote: ripoti ya robo mwaka ijayo ionyeshe miche iliyo hai, si iliyopandwa tu. Namba ikishuka, iandikwe ilivyoshuka, pamoja na sababu zake. Nanyi wafadhili wetu, mkiiona, tuulizeni. Tutawajibu.