Sauti Iliyokwaruza Ipimwe Mapema



Katika maeneo ya miteremko ya Uluguru, kuanzia Kiroka na Mkuyuni hadi Kinole na Matombo, wapo wengi ambao sauti ndiyo jembe lao: mwalimu mbele ya darasa lililojaa, mwadhini, katekista, mama anayenadi ndizi gulioni. Sauti ikikwaruza, husemwa kuwa ni vumbi au baridi ya mlimani, na itapita. Mara nyingi hupita kweli. Isipopita, inahitaji kupimwa.

Sauti huzaliwa kooni, pale pumzi inapotikisa nyuzi mbili za sauti. Kwa mwanamume mzima hutetema takriban mara 120 kwa sekunde. Kwa mwanamke, takriban mara 200. Nyuzi zikivimba, zikiota vinundu au zisipofumba vizuri, mitetemo huyumba na pumzi huvuja. Ili kupima hali hiyo, mgonjwa hutamka "aaa" mbele ya kinasa sauti, kisha programu ya kompyuta huhesabu kuyumba kwa mitetemo na kiasi cha mvumo wa pumzi uliochanganyika na sauti. Kipimo hiki hakiumizi.

Lakini sauti ya mgonjwa ilinganishwe na ya nani? Hazina za sauti zilizotumika kwa miaka mingi zilitoka zaidi Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha King Saud, mjini Riyadh, walikusanya sauti za wasemaji wa Kiarabu, wazima na wagonjwa, wakaitangaza hazina hiyo mwaka 2017. Walirekodi irabu, tarakimu za Kiarabu na Suratul Fatiha, ambayo wagonjwa wao waliihifadhi moyoni. Kwa njia hiyo, hata asiyejua kusoma huweza kupimwa. Msemaji wa Kiswahili naye anastahili kulinganishwa na wasemaji wenzake.

Hata hivyo, kompyuta haitaji jina la ugonjwa. Huonyesha ukubwa wa hitilafu, na baada ya matibabu huonyesha kama mgonjwa amepata nafuu. Daktari hana budi kuliangalia koo lenyewe, kwa maana saratani ya koo la sauti nayo yaweza kuanza kwa mkwaruzo tu.

Kwa hiyo, mwenye sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aulizie rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Anayepumua kwa shida, anayetema damu, anayeshindwa kumeza au mwenye uvimbe shingoni asisubiri hata siku moja.

Wakati huohuo, anywe maji ya kutosha, aache tumbaku, na asipige kelele wala kulazimisha mnong'ono. Mwalimu atumie kengele kutuliza darasa. Aliye na jirani mwenye hali hiyo amfikishie ujumbe huu.