Chujio la Tangi la Samaki ni Kitu Hai
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Wusi)



Nimeombwa niseme juu ya kufuga samaki katika tangi. Vijana wana hamu ya kuanza na tangi la lita 2,000. Akina mama nao wameuliza: maji haya tunayoyachota kwa taabu, ndiyo tukawape samaki? Swali hilo ni la haki, na tusipolijibu vizuri, mradi utaleta ugomvi nyumbani kabla haujaleta kitoweo.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tangi lisilo na chujio huchafuka upesi. Ukitaka kubadilisha nusu ya maji, hizo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nani ataibeba? Lakini tangi lenye chujio zuri na samaki wachache huweza kubadilishwa sehemu moja tu ya kumi kwa wiki, yaani mitungi 10. Na hayo hayamwagwi, yanakwenda kwenye sukuma wiki na migomba, kwa maana yana mbolea ndani yake. Kwa hivyo chujio ndilo linaloamua kama mradi huu ni wa haki kwa mama au ni mzigo mwingine.

Sasa, chujio ni nini? Wengi hufikiri ni kitu cha kuondoa takataka ili maji yawe meupe. Hiyo ni nusu tu. Mara nyingi utasikia mtu akilia: "Maji yalikuwa yanang'aa kabisa, na samaki wamekufa." Kinachoua hakionekani. Samaki anapopumua hutoa sumu iitwayo amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza ile ile. Mungu ameweka vijidudu vinavyokula sumu hiyo. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na mimea huipenda. Vijidudu hivi hukaa juu ya mawe na plastiki, vikipata hewa. Kazi yetu ni kuvijengea nyumba.

Nyumba hiyo tunaijenga kwa mapipa mawili ya plastiki ya lita 200. Pipa lililobeba dawa za shamba lisitumike hata likioshwa mara mia. Mabati pia tuyaepuke, kwani zinki yake hudhuru samaki.

Kwanza, pampu ndogo ya stima ikae chini ndani ya tangi, ipandishe maji hadi pipa la kwanza lililo juu ya jukwaa. Pampu iwe na nguvu ya kupitisha maji yote ya tangi kwa saa moja au mbili. Maji yaingie kwa ubavu wa pipa ili yazunguke polepole, uchafu mzito uzame chini. Huko chini weka koki ya kuutolea.

Pili, maji ya juu ya pipa la kwanza yateremke kwa paipu hadi chini ya pipa la pili, lililo chini kidogo ya lile la kwanza. Humo weka wavu mgumu, na juu yake jaza kokoto nyepesi zenye matundu, au vifuniko vya chupa za soda vya plastiki. Maji yapande katikati yake. Mawe yajaribiwe kwanza: dondoshea ndimu, na yakitoa povu yana chokaa, yaache. Chokaa huongeza ukali wa maji, na amonia huwa na sumu zaidi.

Tatu, maji yarudi tangini kwa kuanguka kutoka juu, yaingize hewa. Paipu ya kutolea iwe pana kuliko ya kuingizia, na tangi lisijazwe hadi ukingoni, ili stima ikipotea maji yasimwagike.

Hapa ndipo vijana wangu hushindwa kuvumilia. Chujio likimalizika kujengwa leo, leo hii bado halifanyi kazi, ni nyumba isiyo na watu. Washa pampu, tia chakula cha samaki kidogo sana kila siku, na ungoje wiki 4 hadi 6. Huku kwetu juu kwenye baridi huenda zikazidi. Ukipata konzi ya kokoto kutoka kwa chujio la mtu linalofanya kazi, safari itakuwa fupi. Kisha anza na samaki wachache, kama 20. Wakija juu kutweta, acha kuwalisha na ubadilishe maji.

Juu ya utunzaji, shikeni haya. Kokoto zisioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya mfereji yenye klorini. Zisuuzeni kwa maji ya tangi lenyewe, tena si zote kwa siku moja. Maji ya mfereji yakae wazi siku nzima kabla ya kutiwa tangini. Stima ikipotea, msilishe, bali mchote maji kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu. Ikipotea saa nyingi, mwageni maji ya pipa la pili kabla ya kuwasha tena, kwani yameoza.

Na tuchague samaki kwa akili. Ngege hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30, kwa hivyo wenzetu wa Voi watawaona wakikua upesi kuliko sisi. Kambare huvumilia upungufu wa hewa. Lakini samaki wa kufugwa asitupwe mtoni. Ziwa Jipe lina ngege wake, Oreochromis jipe, asiyepatikana ila katika bonde la mto Pangani, na wageni wakichanganyika naye atapotea.

Mnakumbuka mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, majimbo 140. Mengi yaliachwa baadaye. Kuchimba hakukuwa shida, shida ilikuwa kutunza kila siku. Kwa hivyo kabla ya kununua pipa, andikeni daftari: nani analisha, nani anafungua koki, nani anabeba ile mitungi 10. Na majina ya mitungi yasiwe ya akina mama peke yao.