Askari Aliyerudi Nyumbani

Fungueni madaftari yenu. Nanyi wa Kisongo, mlioko kwenye njia iendayo Monduli, mmezoea kuwaona askari wakipita. Leo tutazungumza habari za askari aliyerudi kutoka vitani.

Mwezi wa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wetu wengi, askari na mgambo, walikwenda kupigana. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilitekwa. Waliokufa tunawakumbuka: wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Je, waliorudi? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo ni mzee aliyepita miaka 65.

Vita vikiisha, si kila askari hupata usingizi. Wengine huota vita usiku. Wengine hushtuka mlango ukigongwa. Wengine hunywa pombe ili wasahau, lakini pombe huzidisha huzuni. Hali hii si woga, wala si kurogwa. Ni maradhi, na yanatibika. Asipotibiwa, mtu aweza kujiumiza kwa makusudi, au hata kutaka kujiua.

Tazama dalili. Mzee hujitenga. Hugawa mali yake bila sababu. Husema, "Mimi ni mzigo kwenu," au, "Afadhali nisingalirudi." Usimcheke, wala usimkemee. Kaa naye faraghani, umwulize kwa heshima: "Shikamoo, mzee. Naona una huzuni siku hizi. Je, umepata kufikiri kujiua?"

Watu wengi huogopa kuuliza hivyo, wakidhani watamtia wazo baya. Sivyo. Ukimwuliza, unampa nafasi ya kusema. Kuuliza si ujinga.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoeni vitu vya hatari karibu naye. Mwite mtu anayemwamini, mkampeleke zahanati, au Hospitali ya Mount Meru pale Arusha. Akikuomba uifiche siri hiyo, usikubali. Uhai wake ni mkubwa kuliko siri. Na akisharudi nyumbani, nenda tena ukamjulie hali, si siku moja tu.

Nawe, mzee uliyepigana, kama unanisikia: mwambie mtu mmoja leo hii. Uliilinda nchi pamoja na wenzako. Hukuwa peke yako. Hata sasa usikae peke yako.

Maswali:
1. Taja dalili tatu za mtu aliye hatarini.
2. Kwa nini tusiogope kumwuliza?
3. Akijibu ndiyo, utafanya nini?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.