Makaburi ya Wenzetu: Neno kwa Viongozi wa Walei, Babati



Mama Kanisa anatufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Leo tuwatafakari wafu walionyimwa heshima hiyo.

Mwaka 1892 Wachagga wa Moshi, wakiongozwa na Mangi Meli, waliwashinda askari wa Kijerumani, na kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na familia za Kilimanjaro. Kumbe wafu wetu walikuwa wamehifadhiwa kama vyombo vya ghala!

Tukisikia hayo, twaona wepesi kumnyoshea kidole mkoloni. Lakini tutazame Hanang, jirani zetu. Katika miaka ya 1970 na 1980, nchi ikiwa huru, shirika la umma NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa ardhi ya malisho ya Wabarbaig, yapata ekari 100,000, ili kulima ngano. Matrekta yakalima hata juu ya bung'eda, makaburi matakatifu ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Bendera zilikuwa mbili, dharau kwa wafu ni ile ile; na huko Hanang hoja ilikuwa kwamba mfugaji anayehama hana ardhi. Lakini baba yetu Ibrahimu naye alikuwa mfugaji na mgeni. Alipofiwa na Sara hakupora kaburi. Alilinunua kwa bei kamili, mbele ya mashahidi.

Wengi wenu mnaketi katika halmashauri za vijiji. Kabla ya kuinua mkono kugawa "pori", ulizeni kwanza: ni nani wamezikwa humo, na watoto wao wako wapi?

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, katika kijiji chetu kuna makaburi yaliyolimwa au kujengwa juu yake?
2. Tufanye nini ili wenye makaburi hayo wasikilizwe?

Mungu atujalie haki izaayo amani. Amina.