Wingi wa Tarakimu Si Uhakika wa Wakati
Saa iliyomo ndani ya kompyuta huendeshwa na fuwele ya kwatsi itetemayo kwa mpango, lakini joto na uchakavu huipotosha, hata ikaweza kukosea zaidi ya sekunde moja kwa siku. Ndipo mwaka 1985 mhandisi David Mills wa Marekani akaandika kanuni ambayo kwayo kompyuta huulizana wakati mtandaoni, zikichukulia kwamba muda wa safari ya pakiti ya data kwenda ni sawa na wa kurudi, ilhali aghalabu sivyo. Kwa sababu hiyo, muhuri wa wakati ambao kompyuta huuweka kwenye kumbukumbu zake, ulioandikwa kwa tarakimu 9 baada ya nukta ya desimali, waweza kuaminika kwa tarakimu 3 tu. Basi mahakama na mabenki yazitegemeayo kumbukumbu hizo yana wajibu wa kudai kiasi cha shaka kiandikwe pamoja na wakati wenyewe, kwani haki haithibitiki kwa nambari ndefu isiyopimwa ukweli wake.