Kisu kimoja, Jumamosi nne

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa chama, hapa Baraka)



Tumeombwa kusema kidogo juu ya ile kelele ya nyundo mnayoisikia kila Jumamosi nyuma ya nyumba ya mzee mfua chuma. Watu wameuliza sana. Kuna wanaouliza kwa kucheka: "Munapata nini pale?" Kuna wanaouliza kwa woga: "Visu vyote vile ni vya nani?" Maswali yote mawili ni ya haki, nasi tutayajibu. Lakini kwanza hivi visu vitatu vilivyo mezani vipite mikononi mwenu. Mvishike kwa mpini, tafadhali, vinakata kweli. Na kile cha nne, kilichopasuka, nacho kipite.

Sisi ni watu wanane. Watatu tunafanya kazi katika ONG, ni wale mnaotuona kila juma na fomu na madaftari yetu. Wengine ni mvuvi, fundi wa pikipiki, mama muuza samaki, na vijana wawili. Mmoja wao aliwahi kushika silaha msituni na anajua kwamba tutalisema neno hilo leo, ametupa ruhusa. Karibu wote tulivushwa ziwa mwaka 1996 tungali watoto. Tukakulia Lugufu na Nyarugusu, tukasoma kule, tukapanga foleni ya posho kule, na kuanzia mwaka 2005 tukaanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, kila mtu na kifurushi chake. Mzee yeye hakuvuka. Alibaki. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Hatukuanza na mradi. Gari la kazi lilivunjika springi njiani tukitoka Uvira (ile barabara mnaijua, haihitaji maelezo), na fundi alipoweka mpya akatupa kile kipande cha zamani kwenye majani. Mzee alikuwa anapita. Akakiokota, akakipiga na jiwe, akasikiliza. Akatuambia: "Nyinyi batu ba masomo, munatupa mali." Jumamosi iliyofuata wawili wetu tukaenda kwake kuangalia tu. Tukapewa kazi ya kuvuta mivukuto. Jioni tulirudi nyumbani na mikono myeusi na malengelenge, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hatukuwa na ripoti kichwani.

Sasa kazi yenyewe iko namna gani? Chuma cha springi kina ugumu wa kutosha kwa kisu, tofauti na nondo ya kujengea nyumba, ambayo hata ukiinoa kutwa nzima itabaki laini. Lakini springi iliyovunjika inaweza kuwa na ufa mwingine usioonekana, kwa hiyo mzee anakata mbali na pale palipovunjika. Inatiwa katika makala mpaka iwe nyekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, inanyooshwa, inakatwa kwa patasi, inapondwa juu ya kipande cha reli kilicholetwa kwa mtumbwi kutoka Kalemie. Wekundu ukififia, unaacha kupiga. Hapo ndipo sisi watu wa biro tulipokuwa tunakosea: tulitaka kumaliza haraka. Ukipiga chuma kilichoanza kupoa unakipasua kwa ndani, na hutajua leo, utajua siku ya mwisho.

Umbo likishatoka, kisu kinatiwa tena motoni kisha kinafukiwa katika majivu usiku kucha kipoe polepole. Asubuhi kimekuwa laini, tupa inakila. Hiyo ni Jumamosi moja. Mbili zinazofuata ni za tupa peke yake. Mtu amekaa chini, kisu kimebanwa kwenye ubao, anasugua. Hakuna mashine. Mwanzoni tulifikiri tutachoka na kuacha, lakini ni pale kwenye tupa ndipo maneno mengi yamesemwa kati yetu, maneno ambayo hayakuwahi kutoka katika mafunzo yetu yote ya upatanisho yenye chai na kalamu za bure.

Kiisha inakuja siku ya kukaza chuma, nayo inataka akili. Kisu kinapashwa moto mpaka sumaku ikatae kukishika. Sisi tunatumia sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Ikikataa, unaongeza moto kidogo tu, halafu unakizamisha moja kwa moja katika mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kwanza, maana mawese ya asubuhi yameganda na hayafai. Kile kilichopasuka tulikizamisha katika maji ya ziwa, juu ya kuonea huruma mawese. Tulisikia "ti!", sauti ndogo kabisa, tukaona mstari mwembamba kama unywele. Kazi ya juma tatu. Mzee hakutugombeza, alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile mama muuza samaki ndiye mlinzi wa mawese, na anayahesabu.

Kikitoka kwenye mafuta, tupa inateleza juu yake kama juu ya chupa. Mtu asiyejua atafikiri amemaliza. Bado! Kikiwa hivyo kinavunjika kama sahani ukikiangusha. Lazima kirudishiwe moto mdogo, na hapo fundi wetu wa mikate alitusaidia bila kujua sana anasaidia nini: mikate ikishatoka, visu vinaingia katika tanuru yake kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mpaka vipate rangi ya nyasi kavu. Ukichelewa rangi inapita kahawia, inakwenda buluu, na makali hayatadumu. Mpini unafuata Jumamosi ya nne: mti wa mpera au kipande cha mvule kilichobaki kwa seremala, na misumari miwili ya shaba.

Hapa neno moja la hatari, msije mkajaribu nyumbani na kutulaumu. Siku moja tulileta bomba la maji lenye zinki ili kupitisha upepo kwenye makala. Usiku wawili wetu walishikwa na homa na kutetemeka. Wakapimwa malaria, hakuna. Kesho yake homa imeisha. Ni ule moshi mweupe wa zinki. Mzee alilitupa bomba mbali na kusema kitu kwa Kibembe ambacho hatutakiandika katika gazeti la chama.

Basi, tunapata nini? Pesa, hapana. Ukihesabu makala, mawese na Jumamosi nne, kisu kimoja kinatuingiza katika hasara. Sokoni kuna visu vya kiwanda kwa franka chache. Kile chembamba mnachokishika sasa ni cha mama wa samaki. Amekifanya yeye mwenyewe kwa ajili ya mikeke (wale wa Kigoma wamezoea kusema migebuka), na amekataa kukiuza mara mbili. Tunakwenda pale kwa sababu tunapenda. Hatuna jibu jingine, na tumegundua kwamba jibu hilo linawashangaza watu kuliko jibu lolote. Mtu aliyerudi kutoka kambini amezoea kuulizwa anahitaji nini. Ni mara chache mno kuulizwa anapenda nini.

Swali la pili sasa, la woga. Hatutalikwepa. Katika Fizi yetu kila familia iliyo hapa ina habari yake ya panga. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza tulijiwekea sheria: hakuna kisu kinachozidi shubiri moja, hakuna chenye makali pande mbili, kila kisu kinapigwa alama ya aliyekitengeneza, na hakitoki bila sisi kumjua anayekwenda nacho.

Sheria hiyo ilipimwa. Baada ya siku ya soko alikuja mtu tusiyemfahamu, mpole, viatu safi. Akataka visu 20, virefu, vya makali pande mbili, dola 15 kila kimoja. Akaonyesha pesa. Dola 300, wapendwa, na mmoja wetu wiki ileile watoto wake walikuwa wamefukuzwa shuleni juu ya karo. Tusiwadanganye kwamba tulikataa pale pale. Tulimwambia arudi kesho, tukabishana mpaka usiku. Mmoja alisema: tusipofanya sisi, mwingine atafanya. Ni kweli. Yule kijana aliyetoka msituni alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Ile namna ya kisu haikatake samaki." Akainuka akaenda kulala. Kesho yake tulimwambia yule bwana hapana.

Majuma mawili moto haukuwashwa. Tuliogopa, na hatuoni haya kusema hivyo. Karo ya wale watoto ililipwa na mfuko wa chama kwa mkopo, na mkopo huo bado unalipwa kidogo kidogo. Mweka hazina yuko hapa.

Katika yale majuma mawili mwenzetu wa kazi, mtoto wa Kasai, alituletea habari ambayo baadaye tuliikuta pia kitabuni. Wakuba wana kumbukumbu ya mfalme wao Shyaam, wa karne ya 17, ambaye wanasema aliondoa kisu cha kurusha vitani, na kuleta kingine, ikul, kisu cha amani, ambacho mtu hukibeba kiunoni kwa heshima. Sanamu ya mti ya mfalme huyo iko London, British Museum, amekaa miguu imekunjwa, na mkono wa kushoto umeshika kisu. Hatusemi sisi ni wafalme. Lakini tulifurahi kusikia kwamba katika nchi hii hii mtu aliwahi kukaa na kufikiri kisu kiwe cha namna gani.

Na sasa turudi kwa mzee aliyebaki. Wanachama mnajua, wageni hamjui: kiwanja kile chenye moto kina kesi. Familia moja ya kwetu ilirudi ikasema ni chao, na kwamba mzee alikichukua wao wakiwa kambini. Mzee anasema alikilinda wakati wengine wote wamekimbia, na mwanawe amezikwa pale. Mvuvi wetu ni mtoto wa familia ile. Miezi mitatu ya kwanza hakumsalimia mzee. Alifika, akavuta mivukuto, akaenda. Leo mzee anamshika mkono kumwonyesha namna ya kugeuza chuma, na wanatukanana kwa utani. Kesi haijaisha. Iko kwa chifu, na huenda mmoja wao atashindwa. Hatutaki mtu aandike katika ripoti kwamba visu vimeleta amani Baraka. Tunasema tu kwamba mwezi uliopita, walipoitwa mbele ya chifu, walikwenda kwa pikipiki moja.

Wafadhili wetu, neno la mwisho ni kwenu, na tunalisema kwa heshima. Mmetupa wazo zuri: vijana 60, mafunzo ya miezi mitatu, kila mmoja apate sanduku la vifaa. Tunaomba mtuvumilie tukisema bado. Sisi watatu wa ONG ndio tulioandika ripoti za mafunzo kama yale. Tuliandika "wamehitimu". Hatukuandika ni cherehani ngapi tulizozikuta sokoni baada ya msimu mmoja, na wauzaji hawakuwa wabaya, walikuwa na njaa. Tena vijana 60 kwa haraka ni visu vingi kwa haraka, na sheria yetu ya kumjua kila anayekwenda na kisu itakufa siku ileile.

Kama mnataka kusaidia, kuna mambo mawili. Mzee anafundisha bure na macho yake yameanza kuharibika kwa moto. Miwani ya kuona karibu na ya kukinga cheche itamfaa leo kuliko sanduku 60 mwakani. La pili, ule upande wa magharibi hauna paa, na mvua zinakuja. Bati kumi zinatosha, lakini zisubiri neno la chifu, maana hatujui bado tutaezeka kwa nani.

Jumamosi hii moto utawashwa saa nane. Anayetaka kuangalia aje na makala yake, ndoo moja. Atapewa mivukuto kwanza.